Shilingi Ilipoadimika Nyahanga

Neno "fedha" lilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la thamani. Shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyotoka tangu 1921, ilikuwa na robo tu ya madini hayo. Nililikumbuka hilo nilipopita Nyahanga, mjini Kahama, ambako hadi leo dhahabu haikosi katika mazungumzo.

Sisi wa visiwani huukumbuka mdororo mkuu ulioanza 1929 kwa bei ya karafuu. Shinyanga uliingia kwa mlango wa pamba. Marekani maelfu ya benki zilianguka, na Machi 1933 Rais Roosevelt akazifunga zote kwa siku kadhaa. Benki za Tanganyika, zikiwa matawi ya benki kubwa za nje, zilisimama. Lakini mkulima wa pamba hakuwa na akiba benki. Kilichomkimbia ni sarafu yenyewe.

Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa 1919, ilikaa London. Haikuwa benki kuu. Ilitoa shilingi pale tu paundi zilipowekwa kwake, na paundi zilipotakiwa, shilingi zikarudi. Pamba iliposhuka bei, paundi zilipungua, na shilingi zikapungua mikononi mwa watu wakati uleule walipozihitaji zaidi: mgonjwa amelala, mganga anafunga mkoba. Serikali ikahimiza watu walime zaidi ili wauze zaidi, kwa bei ileile duni. Kodi haikungoja bei ipande. Aliyeikosa shilingi aliweza kuilipa kwa jasho, barabarani.

Tarehe 21 Septemba 1931 Uingereza iliitenga paundi na dhahabu. Shilingi, iliyofungwa kwenye paundi, ikashuka nayo, na hakuna mtu wa Shinyanga aliyeulizwa. Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa namna ambayo, nadhani, hakuna aliyeikusudia. Aunzi ya dhahabu, iliyokuwa karibu shilingi 85, kufikia 1935 ilipita shilingi 140. Miamba ya Geita, iliyojulikana tangu enzi ya Wajerumani, sasa ililipa gharama ya kuchimbwa, na migodi ikawa mahali pa kuitafutia shilingi ambayo pamba haikuileta.

Unguja na Pemba rupia nayo ilishuka na paundi, lakini karafuu haikuwa dhahabu. Mwaka 1934 ilibidi itungwe sheria ya kuzuia mashamba ya wenye madeni yasihamie kwa wakopeshaji. Miaka miwili baadaye rupia iliondolewa, kila moja kwa shilingi moja na nusu ya Bodi ileile.