Okoth, Wambua, Nyambura na Kiprop: Majina Tofauti, Mvua Moja

Ka umelelewa Kaloleni, Jericho, Umoja ama Dandora, ploti yenu lazima ilikuwa na Atieno, Wafula, Shiko na Kyalo, wote kwa foleni moja ya maji. Ukisikia hayo majina, akili inakimbia kubahatisha kabila. Tulia kwanza. Cheki vile zinamaanisha, utaona hao majirani wako wanaitana kitu moja.

Mvua

Kwa Wajaluo mvua ni koth, so mtoi akizaliwa kukinyesha anaitwa Okoth, na ka ni msichana, Akoth. Kwa Kikamba ni mbua, hapo ndio Wambua ametoka. Kwa Kikuyu ni mbura: Nyambura. Wakalenjin wako na Kiprop na Cherop. Wabukusu wako na Wafula na Nafula, watoi wa msimu wa mvua. Shuka Pwani, utapata Mwanamvua.

Saa

Wajaluo wanakuwekea saa kwa jina. Omondi ni wa alfajiri, Onyango asubuhi jua ikipanda, Ochieng jua ikiwaka, Odhiambo jioni, Otieno usiku. Dem anabadilishiwa O iwe A tu. Babu ya Barack Obama aliitwa Hussein Onyango, so unajua alizaliwa saa gani.

Wakalenjin wanatumia Kip na Chep: Kipkoech na Chepkoech ni wa kupambazuka. Kwa Wakamba, Kioko ni wa asubuhi na Mutuku ni wa usiku. Yaani Otieno na Mutuku ni jina moja, lugha ndio mbili.

Njia na njaa

Mathe akishikwa na uchungu safarini, Mkamba anaita mtoi Kyalo, Mjaluo anaita Oyoo, Mbukusu anaita Wangila ama Nangila. Mtoi wa kuzaliwa ndani ya mathree ya Embakasi anaeza chagua yoyote hapo.

Mwaka wa njaa pia unaandikwa. Wanjala na Nanjala ni wa Wabukusu, Okech na Akech ni wa Wajaluo. Usicheke mtu na hiyo jina. Inasema familia yake ilipitia kiangazi kibaya na mtoi akapona. Mavuno ikija, anaitwa Wekesa ama Nekesa.

Shosh na guka

Kwa Wakikuyu mambo inageuka. Kijana wa kwanza anapewa jina ya babake baba, wa pili ya babake mama. Msichana wa kwanza ni ya mamake baba, wa pili ya mamake mama. Ndio maana Nyambura wa leo anaeza kuwa alizaliwa Januari, jua kali: mvua ni ya shosh wa zamani. Wanjiku, Wanjiru, Wambui na Wangari ni majina za mabinti wa Mumbi kwenye hadithi ya Wakikuyu. Wangari Maathai, aliyeshinda Nobel ya Amani 2004, alibeba moja yao.

Siku

Majengo huko Pumwani hutakosa Juma, wa Ijumaa, na Khamisi, wa Alhamisi. Ghana, kijana wa Ijumaa ni Kofi. So Kofi Annan, aliyekuja kutupatanisha 2008, kwetu angekuwa Juma tu.

Na hiyo 2008 usiisahau. Kuna mitaa hapa Nairobi jina kwa kitambulisho ilitosha kukuweka kwa hatari. Mtu alisoma Otieno ama Kamau akaona adui, hakuona usiku, hakuona guka.

Wengi wetu tunajua jina tu, hadithi yake imebaki na wazee, na wazee hawangoji. Leo jioni pigia mathe ama shosh simu, uliza: nilizaliwa saa ngapi, kulikuwa kunanyesha, ama hii jina ni ya nani?