Baraka ya Mababu na Upekee wa Mtu: Kutoka Safed hadi Bariadi

Katika nyumba nyingi za Bariadi mtoto hupewa jina la babu au bibi aliyetangulia. Akilialia bila sababu ijulikanayo, mganga huulizwa ni nani katika masamva, yaani wazee waliokufa, anayedai jina lake. Sisi wachungaji tumezoea kulikemea jambo hili siku ya ubatizo, wala hatuulizi wazazi wanatafuta nini. Wanatafuta baraka.

Wayahudi nao wanalijua jambo hili. Wenye asili ya Ujerumani na Poland huwaita watoto kwa majina ya jamaa waliokufa. Wenye asili ya Hispania hutumia hata jina la babu aliye hai. Lakini tafakari ya ndani zaidi ilitoka Safed, mji wa Galilaya, alikofundisha Isaac Luria kwa miaka miwili hivi tu, hadi alipofariki mwaka 1572. Yeye mwenyewe aliandika kidogo sana. Mwanafunzi wake Hayyim Vital ndiye aliyeyatia mafundisho yake katika maandishi. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, roho zote zilikuwamo ndani ya Adamu, kila moja na shina lake. Roho yaweza kurudi duniani katika mwili mwingine. Hata hivyo kila mtu ana sehemu yake katika kuutengeneza ulimwengu uliovunjika, na hakuna awezaye kuitimiza kwa niaba yake.

Kurudi kwa roho hatuwezi kukupokea. Waebrania 9:27 yatosha. Lakini swali la Safed ni zito. Mganga huuliza marehemu anadai nini. Luria aliuliza mtoto huyu amepewa kazi gani. Yakobo naye alipishanisha mikono yake juu ya Efraimu na Manase (Mwa. 48:14), kisha akawabariki wanawe kila mmoja kwa baraka yake (Mwa. 49:28). Baraka ni ya ukoo, ila haigawiwi kama posho. Naye Luther, akihubiri Wittenberg tarehe 9 Machi 1522, alianza kwa kusema kwamba kila mtu atakikabili kifo chake mwenyewe.

Mjini Bariadi na vijijini jina likataliwalo kanisani halifi. Hutumika nyumbani, jikoni na malishoni. Hivyo mtoto hukua na majina mawili, na mchungaji wake hulijua moja tu.