Je, mwalimu apewe bunduki ili kulinda shule?

SUALA la iwapo walimu wafunzwe kutumia bunduki na kuruhusiwa kuingia nazo darasani limezua mjadala mkali nchini Marekani, Pakistan na Thailand tangu mwanzoni mwa karne hii. Nchini Kenya nako, mashambulizi ya magaidi na majangili yamelifanya kuwa suala lisiloweza kupuuzwa.

Katika mataifa hayo yote, chanzo cha wazo hili ni kimoja. Mara nyingi mshambuliaji huwa ameshaua kabla ya askari kufika, na mwalimu ndiye mtu mzima aliye karibu zaidi na mtoto risasi ya kwanza inapolia. Linalobishaniwa ni ikiwa ukaribu huo unatosha kumgeuza mwalimu kuwa mlinzi.

Marekani

Mojawapo ya shule za kwanza nchini humo kuwaruhusu walimu kubeba bunduki ni ya Harrold, kijiji kidogo katika jimbo la Texas, ambapo mpango huo ulianza mwaka 2008. Sababu iliyotolewa na wasimamizi wake ilikuwa nyepesi: afisi ya polisi iliyo karibu ilikuwa mwendo wa takriban nusu saa kwa gari.

Mjadala huo ulienea nchi nzima baada ya Desemba 14, 2012, wakati watoto 20 na watu wazima sita walipouawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut. Wiki moja baadaye, chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilitaka kila shule iwekewe mlinzi mwenye silaha.

Mnamo Februari 14, 2018, watu 17 waliuawa katika shule ya upili mjini Parkland, Florida. Rais Donald Trump aliunga mkono wazo la kuwapa silaha walimu wenye ujuzi wa kuzitumia, na mwezi uliofuata bunge la Florida likapitisha sheria ya kuwafunza wafanyakazi wa shule wanaojitolea. Mwanzoni, wengi wa walimu wa darasani hawakuhusishwa. Waliruhusiwa mwaka 2019, mradi bodi ya elimu ya eneo lao iwe imekubali. Anayejitolea hupitia mafunzo ya saa 144 na uchunguzi wa akili.

Majimbo mengine hayakuweka kiwango hicho. Ohio, ambayo awali ilihitaji zaidi ya saa 700 za mafunzo ya polisi, ilipunguza kiwango hicho hadi kisichozidi saa 24 mwaka 2022. Tennessee ilipitisha sheria yake Aprili 2024, mwaka mmoja baada ya watoto watatu na watu wazima watatu kuuawa katika shule moja ya kibinafsi mjini Nashville. Huko mwalimu huhitaji saa 40 za mafunzo, na wazazi hawaambiwi ni mwalimu yupi aliye na bastola.

Wanaounga mkono hushikilia kwamba dawa ya moto ni moto. Mshambuliaji, wanasema, huchagua mahali asipotarajia kupingwa, na akijua kwamba mwalimu yeyote huenda ana silaha, atasita.

Wapinzani, vikiwemo vyama viwili vikuu vya walimu nchini humo, wanatilia shaka hoja hiyo. Huko Parkland, afisa wa polisi mwenye bunduki alikuwa katika uwanja wa shule na hakuingia ndani ya jengo. Katika mji wa Uvalde, Texas, mnamo Mei 24, 2022, polisi 376 walifika katika shule ya msingi, lakini dakika 77 zilipita kabla ya mshambuliaji kuuawa. Watoto 19 na walimu wawili walipoteza maisha. Ikiwa waliofunzwa kazi hiyo walisita, wapinzani huuliza, mwalimu wa hesabu aliyefunzwa kwa siku chache atafanya nini? Aidha, polisi wanaoingia kwa kishindo watamtambuaje mwalimu mwenye bastola na kumtofautisha na muuaji?

Wanaounga mkono huitumia Uvalde kuthibitisha kinyume. Kama polisi hawaingii, wanasema, basi aliyemo ndani asiachwe mikono mitupu.

Pakistan na Thailand

Mnamo Desemba 16, 2014, wapiganaji wa Taliban walivamia shule inayosimamiwa na jeshi mjini Peshawar, Pakistan, na kuua zaidi ya watu 140, wengi wao wakiwa watoto. Mwezi uliofuata, serikali ya mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa iliwaruhusu walimu kubeba bunduki. Baadhi yao, wakiwemo wanawake, walifunzwa kulenga shabaha na polisi.

Faida na hasara za hatua hiyo zilionekana kwa muda mfupi. Mwaka 2015, katika wilaya ya Swat, mwanafunzi aliuawa na risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya kutoka kwa bastola ya mwalimu. Kisha, Januari 20, 2016, wapiganaji walivamia Chuo Kikuu cha Bacha Khan mjini Charsadda. Mhadhiri wa kemia, Syed Hamid Husain, aliwaamuru wanafunzi wake wabaki ndani, akatoa bastola na kuwafyatulia risasi wavamizi. Baadhi ya wanafunzi walipata nafasi ya kutoroka, lakini yeye aliuawa. Zaidi ya watu 20 walikufa siku hiyo.

Kusini mwa Thailand, katika mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat, walimu waligeuzwa shabaha ya waasi kuanzia mwaka 2004. Katika mwongo uliofuata, zaidi ya walimu 150 waliuawa, wengi wakiwa njiani kuelekea shuleni au wakirejea nyumbani. Serikali iliwaruhusu kubeba bunduki na wanajeshi wakawasindikiza. Hata hivyo, mauaji hayakukoma, kwa kuwa bastola ya mfukoni haimsaidii sana mtu anayeviziwa barabarani.

Kenya

Hapa nchini, hali inakaribiana zaidi na ya Thailand kuliko ya Marekani. Mnamo Novemba 22, 2014, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi kaunti ya Mandera na kuua abiria 28, walimu wakiwa miongoni mwao. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Baadaye Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo, na madarasa yakabaki bila wa kufundisha.

Mwalimu wa aina hiyo, aliye mgeni na anayeishi katika nyumba isiyo na ua, angepewa bastola angekabiliwa na watu wenye bunduki za AK-47. Isitoshe, silaha yake ingekuwa kivutio kwa majangili. Hata wenye silaha wamelemewa: mnamo Februari 2023, serikali ililazimika kutuma wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti za Kaskazini mwa Bonde la Ufa.

Kuna pia hatari ya ndani. Kenya iliwapokonya walimu kiboko mwaka 2001, na mwaka huo huo wanafunzi 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, moto uliowashwa makusudi. Shule ambayo haijaweza kuzuia petroli isiingie bwenini italazimika kueleza jinsi itakavyozuia bunduki isitoke katika chumba cha walimu.

Fauka ya hayo, mwalimu ana silaha ambayo askari hana: anamjua mwanafunzi. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba wengi wa vijana walioshambulia shule zao walikuwa wamemdokezea mtu nia yao mapema. Anayesikia mnong'ono huo na kuuchukulia kwa uzito huokoa maisha bila kufyatua risasi. Magaidi watokao nje, hata hivyo, hawasomi darasani kwake, na hao huhitaji ua, lango moja linalolindwa na kikosi kilicho karibu.

Hilo ndilo funzo la Garissa. Mnamo Aprili 2, 2015, watu wanne walivamia chuo kikuu cha mji huo mwendo wa saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakaanza kwa kuwaua walinzi langoni. Kikosi maalum cha Recce kutoka Nairobi kilifika mchana, na operesheni ikamalizika jioni. Kufikia wakati huo watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi.

Bastola ya mhadhiri wa Charsadda iliwapa wanafunzi wake dakika chache za kukimbia. Dakika chache huwa na thamani kubwa pale ambapo kuna mtu anayekuja. Kule Garissa, waliojificha chini ya vitanda na ndani ya makabati walihitaji kusubiri kwa saa nyingi, na hakuna mafunzo ya mwalimu yanayoweza kuziba pengo la urefu huo.