Mawe ya Keni Yalibebwa na Nani?

Msomaji wa Mkuu, wilayani Rombo, akitaka kujua watu wa Uingereza ya karne ya 14 walikula nini, walivaa nini na msafiri alilala wapi usiku ulipomkuta njiani, kitabu kipo. Ian Mortimer alikiandika mwaka 2008, na anamwongoza msomaji katika nchi ile kama mgeni aliyefika jana. Msomaji huyohuyo akitaka kujua watu wa Mangi Horombo, mtawala wa Keni, walikula nini walipojenga ngome za mawe za Keni, hapahapa jirani na Mkuu, hapati kitabu. Anachokipata ni kauli iliyozoeleka: vita vya Wachagga vilikuwa uporaji wa ng'ombe baina ya mamangi wenye chuki, na Rombo ilikuwa pembezoni mwa yote hayo. Kauli hiyo ninaipinga. Ushahidi wa kuipinga umo katika maandishi ambayo wengi wetu tunayataja zaidi kuliko tunavyoyasoma.

Historia inayosimuliwa kila mahali haina haja ya kurudiwa kwa urefu. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 akapokewa Kilema, kisha Machame. Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walishindana, kamanda wa Kijerumani Wissmann akaivunja ngome ya Sina mwaka 1891, Mangi Meli wa Moshi akawashinda Wajerumani mwaka 1892, na mwaka 1900 akanyongwa pamoja na wenzake. Ni mambo makubwa, na hayana kosa. Ila yatazame kwenye ramani. Karibu yote yalitokea kusini na magharibi mwa mlima, palepale wamisionari na maofisa walipoweka makazi. Rombo ilikuwa na watu, vita na watawala wake, lakini kalamu ilichelewa kufika. Aliyekosa mwandishi si lazima awe alikosa historia.

Ndiyo maana jina la Nathaniel Mtui linastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Mtui alikuwa mwalimu wa Kilutheri wa Marangu, na mwanzoni mwa karne ya 20 alikusanya masimulizi ya wazee kuhusu tawala za Uchagga akayaandika katika madaftari. Kathleen Stahl aliyategemea madaftari hayo alipoandika historia yake ya Wachagga, iliyotoka mwaka 1964. Naye alikwenda kwa wazee, utawala baada ya utawala, katika miaka ile ya kuelekea na kuupokea Uhuru. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyeandika kuhusu Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, alikwisha kumpa Horombo nafasi ya heshima. Kwa Dundas tunamwona shujaa. Kwa Mtui na Stahl tunaanza kuiona nchi aliyoitawala.

Masimulizi hayo yanamweka Horombo mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Rebmann hajafika. Keni ulikuwa utawala mdogo. Horombo aliwatiisha majirani zake wa Rombo, akasonga magharibi hadi ndani ya Vunjo, mpaka sehemu kubwa ya mashariki ya mlima ikamtambua. Alijenga ngome za mawe, na watu wa nchi alizozishinda waliitwa kuja kufanya kazi hiyo. Mwishowe aliuawa akipigana na Wamasai, na milki yake ikasambaratika. Kila utawala ulirudi kuwa chini ya mangi wake.

Hapa wanaosema habari ya ng'ombe peke yake ndipo wanaponishinda kuwaelewa. Anayetaka ng'ombe huvamia usiku na kupambazuka yuko kwake. Hajengi kuta za mawe, wala hawaiti watu wa tawala nyingine kuja kuzijenga. Ukuta ni kazi ya misimu. Unahitaji mtu wa kuamua nani aje, aje lini, akae kwa nani na arudi lini kwake. Hayo ni mambo ya utawala.

Waingereza wanaijua hesabu ya kazi ya aina hiyo kwa sababu iliandikwa. Mfalme Edward I alipojenga ngome ya Beaumaris katika Wales aliyokuwa ameishinda, mafundi wake walituma barua ya kudai fedha mwaka 1296. Walitaja waashi 400, vibarua 2,000, wachonga mawe machimboni 200 na wahunzi 30, na mishahara ilikuwa imechelewa. Barua hiyo imewasaidia wanahistoria wa kule kuuliza maswali ambayo wimbo wa kumsifu mfalme hauyajibu. Nani alitolewa kwao? Nani alilipwa, na nani alibaki na njaa?

Keni haina barua, lakini maswali ni yaleyale, na mengine tunaweza kuyakaribia kwa kujua maisha ya hapa. Kihamba, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hakiachwi kijiangalie chenyewe. Migomba hutaka samadi, na ng'ombe wanaolishwa zizini hutaka majani yaletwe kila siku, kazi ambayo wanawake waliifanya kwa kuyabeba kichwani kutoka nyanda za chini. Mfongo, yaani mfereji wa maji, usipozibuliwa, shamba la ulezi halipati maji. Na upande huu wa Rombo una mvua chache na mito michache kuliko Machame au Kibosho, kwa hiyo chakula cha akiba kilikuwa na thamani zaidi. Vijana wa rika zima wakiitwa Keni kubeba mawe, mzigo wa nyumbani uliwaangukia mama, wake na wazee wao. Mawe hayo yalibebwa pia na waliobaki vihambani.

Wapo wanaoeleza vita vya mlimani kwa biashara, na hao nawasikiliza kwa makini. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore ameonyesha jinsi misafara ya pwani, pembe za ndovu na watumwa ilivyochochea ushindani wa mamangi. Kwa Rindi na Sina hoja hiyo ina nguvu. Kwa Horombo inafaa ipimwe bila kupewa ushindi mapema, kwa maana ngome zake zilisimama kabla misafara haijawa na uzito ule wa nusu ya pili ya karne. Wanaowaona Wachagga wa zamani kuwa koo tulivu zisizojua dola, mtazamo unaotawala maandishi ya mmisionari Bruno Gutmann, hawanisaidii hata kidogo kuuelewa ukuta wa Keni. Otto Raum ananisaidia zaidi, japo hakuandika juu ya vita. Kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu utoto wa Wachagga kinaonyesha kazi za nyumbani na malezi kwa undani ambao mwandishi wa habari za ngome angeuhitaji.

Jina la Horombo lenyewe limepata makao mlimani. Kibanda cha njia ya Marangu kilichoitwa kwa jina la Carl Peters, mtu aliyewanyonga watu Kilimanjaro na kufukuzwa kazi kwa ukatili wake mwaka 1897, sasa kinaitwa Horombo. Mabadiliko hayo ni ya haki. Hata hivyo, wapandaji wanaolala hapo wakiuliza Horombo alikuwa nani, jibu wanaloweza kupewa ni la sentensi mbili tatu.

Kitabu ninachokidai hakitaishia kumsifu Horombo. Wazee wa tawala zilizoshindwa nao walikuwa na lao la kusimulia, na sisi wa Rombo tu wajukuu wa pande zote mbili. Kazi ianze na madaftari ya Mtui, yachapishwe kwa Kichagga chake na kwa Kiswahili, ili mwalimu wa sekondari ya hapa aweze kuyafundisha. Ifuatwe na orodha ya koo, marika na mifongo ya kila utawala, kuanzia Mamba hadi Usseri. Kisha mwanaakiolojia azipime kuta za Keni akiwa na wenyeji kando yake. Gharama yake ni ndogo, na wa kuulizwa bado wapo.