Ulimwengu wa Kubuni na Majina Yake: Historia Fupi ya Michezo ya Uhusika

Mwenye kubuni nchi isiyokuwapo hana budi kuitungia majina. Milima yake haijapata kuonekana, watu wake hawajapata kuzaliwa. Kilichopo ni maneno tu. Kwa hiyo historia ya michezo ya uhusika, yaani michezo ambamo kila mchezaji huchukua nafsi ya mtu wa kubuni na kuamua matendo yake, ni historia ya istilahi pia. Makala hii inakusudia kuieleza kwa ufupi, na kuonyesha mahali ambapo mfasiri wa Kiswahili atapaswa kulipima neno kabla ya kuliandika.

Asili ya michezo hii ni vita. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilikubali mchezo wa kivita wa ofisa wake kijana, Georg von Reisswitz, ambao maofisa waliutumia kujifunza mbinu za vita juu ya ramani. Kati ya pande mbili alikaa mwamuzi, aliyepokea amri za kila upande na kueleza matokeo yake. Mwaka 1969, huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliendesha mchezo katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein, zama za vita vya Napoleon. Wachezaji wengi hawakupewa majeshi, bali kila mmoja alipewa nafsi ya mkazi mmoja wa mji. Mwenzake, Dave Arneson, aliuchukua mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuupeleka katika nchi ya kubuni ya Blackmoor. Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, alibuni Greyhawk; na kutokana na ushirikiano wao ukatoka, mwaka 1974, mchezo wa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja, nakala 1,000 katika chapa ya kwanza.

Njia za kujenga nchi hizo zilikuwa mbili. Blackmoor na Greyhawk zilikua kutoka ndani kwenda nje. Kwanza palikuwa na ngome na mahandaki chini yake. Kadiri wachezaji walivyotaka kwenda mbali, ndivyo misitu na falme za jirani zilivyoongezwa. M.A.R. Barker alifuata njia nyingine. Yeye alikuwa mwanaisimu, aliyetunga kamusi ya lugha ya Waklamath wa Oregon na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Ulimwengu wake, Tékumel, uliotolewa mwaka 1975 katika mchezo wa Empire of the Petal Throne, aliubuni tangu ujanani mwake, akaupa dini, tabaka, koo, na lugha yenye sarufi na hati yake. Mchezo ulikuja baadaye.

Majina nayo yalileta mashauri. Vijitabu vya 1974 viliazima viumbe kadhaa kutoka katika vitabu vya J.R.R. Tolkien. Wenye haki walipolalamika, wachapishaji walilazimika, kabla ya miaka ya 1970 kwisha, kuliondoa jina la hobiti na kuweka jingine lenye maana ya mtu nusu. Kiumbe alibaki yule yule. Neno ndilo lililokuwa mali ya mtu.

Sasa tumgeukie mfasiri. Mkuu wa mchezo tumwiteje? “Mwamuzi” ni neno la asili ya Prussia, lakini huyu haamui tu, bali husimulia. “Mtambaji” ni neno zuri la fasihi simulizi, ila mtambaji huujua mwisho wa ngano yake, ilhali huyu haujui mpaka wachezaji watende. Kwa maoni yetu “mwendeshaji” latosha. Kadhalika, “kampeni”, neno la kijeshi kwa asili, kwetu limekwisha kuwa la uchaguzi. Afadhali kusema “mfululizo”. Na anayetaka kulitohoa jina la viumbe wa msituni wa Ulaya asiandike “elfu”, kwani msomaji ataanza kuhesabu, “elfi” litafaa.

Hayo ni mepesi. Lililo zito ni jina la jumla la jamii za viumbe. Kwa miongo kadhaa mchezo huo ulitumia neno la Kiingereza lile lile linalotumika kuwagawa wanadamu kwa rangi na nasaba, na baadhi ya jamii zake zilielezwa kuwa ovu kwa kuzaliwa. Toleo la 2024 la kitabu cha wachezaji liliacha neno hilo na kuchukua lenye maana ya spishi. Barker naye anatupa onyo. Mwaka 2022 taasisi inayohifadhi kazi zake ilithibitisha kwamba ndiye aliyeandika, kwa jina la bandia, riwaya ya 1991 yenye kutetea Unazi. Ujuzi wa kubuni mataifa si dhamana ya kuyaheshimu yaliyopo.

Mfasiri akiandika “kabila”, atakuwa amemfundisha kijana kwamba lipo kabila ambalo kila mtoto wake huzaliwa mwovu. Nchini Rwanda jina la namna hiyo liliandikwa katika kitambulisho cha kila mtu, na mwaka 1994 kitambulisho hicho kikawa hukumu ya kifo kizuizini. Vivyo hivyo, yule mtu nusu asiitwe “mbilikimo”, maana jina hilo wamebandikwa watu halisi wa misitu ya Kongo. Tunapendekeza “spishi” kwa jumla, na kwa kila kiumbe jina lisilokwisha kubebeshwa binadamu: “joka” lipo, “zimwi” lipo.

Pasipokuwapo neno, Kiswahili kina njia yake. Mwaka 1951 Shaaban Robert aliitoa Kusadikika, nchi inayoelea angani. Hakuazima jina la mbali. Alichukua kitenzi “sadiki”, akakipa viambishi vyake, na msomaji akafahamu mara moja kwamba nchi ile ni ya kuaminiwa, si ya kutembelewa. Wafasiri na walimu watakaoileta michezo hii kwa vijana wetu waanze hapo, katika vitenzi. Wakishindwa, ndipo watohoe. Jina la watu walio hai walifikirie mwisho, na wakilifikiria waliache.