Mvua, Kisu na Jina la Mungu: Imani Tofauti katika Mkoa wa Singida

Lugha za mkoa wa Singida hazina jina moja la Mungu. Warimi, ambao wengi huwajua kwa jina la Wanyaturu, walimtaja Matunda, muumbaji. Wanyisanzu wa Mkalama walilielekea jua, Munankali. Wagogo wa Manyoni wana Mulungu, jina lenye asili moja na neno la Kiswahili Mungu, na Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi wana Ishoko na Haine, jua na mwezi. Makabila haya yaligombana sana kwa ng'ombe, malisho na mashamba. Jina la Mungu halikuwa miongoni mwa mambo ya kugombea. Imani ya mtu ilianza kuwa mzigo kwa jirani yake pale tu ilipogusa kitu ambacho wote walikitegemea na hakuna aliyeweza kujitengea fungu lake.

Huku kitu cha kwanza cha namna hiyo ni mvua. Singida ina msimu mmoja tu, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika sehemu kubwa ya mkoa kiasi cha mwaka ni kati ya milimita 500 na 800. Uwele na mtama huvumilia ukame, lakini hata mazao hayo yana kikomo. Mawingu yakipita bila kunyesha mwezi wa Januari, kijiji kizima kinajua mwezi wa Agosti kutakuwa na nini ghalani.

Kwa Wanyisanzu kazi ya mvua ilikuwa na makao yake, kijiji cha Kirumi, na wenyewe walikuwa ukoo wa kitemi. Mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1990, ameeleza kwa kirefu kwamba kazi hiyo haikuweza kukamilika kwa mkono mmoja: alihitajika mwanamume na mwanamke wa ukoo huo, na dawa na mawe ya mvua yalishughulikiwa kwa kuziunganisha nguvu za jinsia zote mbili. Mvua ikichelewa, tambiko lilipelekwa kwa mizimu ya watemi waliotangulia. Ikizidi kuchelewa, wanawake walitoka na ngoma yao, wakiimba na kutenda yale ambayo siku nyingine yangekuwa aibu kubwa, na wanaume walijiweka mbali. Na ikigoma kabisa, yalianza maswali mabaya zaidi: ni nani aliyefunga mvua?

Swali hilo lina mantiki yake. Kama mvua huja kwa sababu watu wote wamekaa sawa na mizimu, basi anayejitenga hajitengi peke yake. Anaondoka na sehemu ya mvua ya jirani. Anayekataa kuchangia tambiko hatazamwi kama mtu mwenye maoni yake juu ya mbingu, bali kama mtu aliyetoboa mtungi ambao wote wananywea. Fikra hii si ya Singida peke yake. Mwandishi Mkristo Tertullian, aliyeishi Carthage katika karne ya 2 na ya 3, alilalamika kwamba mto wa Tiber ukifurika au Nile ikikosa kufurika, lawama huwaangukia Wakristo. Warumi waliabudu miungu mingi na waliongeza mingine bila taabu. Kilichowaudhi ni watu waliokataa kushiriki ibada ambayo usalama wa mji ulidhaniwa kuitegemea.

Misheni ziliingia katika mantiki hiyo bila kuijali. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Walutheri wa Leipzig walikuwa wamefungua kituo Ruruma, katika Iramba. Vita viliwaondoa Wajerumani, na katika miaka ya 1920 kazi ikachukuliwa na misheni ya Augustana, kanisa la Wamarekani wenye asili ya Uswidi. Kiomboi, Iambi na Kinampanda zikawa na hospitali au shule. Wakatoliki nao wakajijenga Makiungu na kwingineko, na Waanglikana wakafanya kazi kwa Wagogo upande wa Kilimatinde. Madhehebu yaliyoshindana huko Ulaya kwa karne kadhaa yaligawana vilima vya Singida, na mtu akawa Mlutheri au Mkatoliki kutegemea kwao ni bonde lipi.

Kwa mwongofu, ubatizo ulikuwa na masharti. Aache tambiko, aache hirizi, aache kuoa mke wa pili, na kwa Walutheri wenye msimamo mkali aache pombe. Sharti hili la mwisho lilikuwa zito kuliko wamisionari walivyodhani. Katika nchi ya Warimi pombe ya nafaka haikuwa starehe ya jioni tu. Mwenye shamba aliyehitaji mikono mingi ya kulima au kuvuna alipika pombe, majirani wakaja na majembe, kazi ikafanyika, kisha mtungi ukafunguliwa na wazee waliotangulia wakamwagiwa chao kwanza. Asiyekunywa alikosa mahali pa kukaa katika mzunguko huo. Mmisionari aliona kijana aliyeokoka na ulevi. Wajomba waliona kijana asiyetaka tena kulima na watu.

Uislamu ulifika kwa njia nyingine, na ulipokelewa kwa masharti mepesi zaidi. Ulifuata barabara ya misafara iliyopita Kilimatinde, kisha reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Uliletwa na wafanyabiashara, askari, makarani na wapagazi waliorudi kwao, si na kituo chenye uzio. Warimi walikuwa tayari wakitahiri wavulana, kwa hiyo alama moja kubwa ya mwilini haikuwa ngeni, na ndoa ya wake wengi haikumzuia mtu kuswali. Wengi walisilimu bila kuyahama makaburi ya wazee wao. Masheikh wenye elimu walilalamikia jambo hilo baadaye, na labda walikuwa na haki kwa upande wa fikihi, lakini ndilo lililofanya dini hiyo ienee bila kelele nyingi.

Pamoja na dini hizo mbili yalikuja maneno. Kiswahili kina neno dini, na kwa matumizi ya kawaida dini ni ile yenye kitabu. Kilichobaki ni mila, na mwenye mila ni mpagani kwa Mkristo, kafiri kwa Mwislamu, na katika kinywa cha karani wa zamani, mshenzi. Wahadzabe ndio walioumizwa zaidi na msamiati huu. Wana ngoma ya epeme, inayochezwa katika giza la usiku usio na mwezi, na sehemu za nyama ambazo ni za wanaume waliokubaliwa tu, zenye miiko mikali. Hata hivyo wageni wengi waliandika kwamba watu hawa hawana dini. Anayeanza mazungumzo kwa kuambiwa hana dini hana tofauti ya imani ya kuvumiliwa; ana pengo la kujazwa.

Si wageni wote waliobaki katika msamiati huo. Howard Olson, mmisionari wa Augustana, alijifunza Kirimi hadi akaandika tasnifu juu ya sauti na maumbo ya lugha hiyo, na katika miaka ya 1960 alikusanya nyimbo za kanisa zenye sauti za Kiafrika katika kitabu Tumshangilieni Mungu. Kizazi kimoja kabla yake, ngoma mlangoni mwa kanisa ilikuwa ushahidi kwamba mtu hajaongoka vizuri.

Uhuru ulibadilisha mizani. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na kazi ya mvua ikapoteza kiti chake serikalini. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza Watanzania dini yao. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka maboma yaliyotawanyika na kuwapanga mstari mmoja, Mlutheri, Mwislamu na mwenye mila, mlango kwa mlango, mbali na makaburi ambako tambiko lilifanyikia. Haki ya kila mtu kuamini apendavyo iliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya 1984, katika ibara ya 19. Sheria ya Uchawi ya 1928 imeendelea kutumika, na ina kifungu ambacho wengi hukisahau: kumtaja mtu kuwa mchawi nako ni kosa. Kwa sheria hiyo, swali la nani amefunga mvua linaweza kumfikisha muulizaji mahakamani.

Mantiki ya zamani haikufa kwa hayo. Kuanzia miaka ya 1970 Singida na Dodoma zilikumbwa na hofu ya lawalawa, maambukizi ya sehemu za siri za watoto wa kike. Waganga walieleza kwamba ni hasira ya mizimu kwa sababu ukeketaji ulikuwa unaachwa. Wauguzi walionyesha kuwa usafi na dawa vinatosha. Sheria ya 1998 ilipotamka adhabu kwa wanaowakeketa wasichana wa chini ya miaka 18, baadhi ya familia zilianza kuwafanyia watoto wachanga kwa siri. Familia hizo zilikuwa na Wakristo na Waislamu, watu wenye cheti cha ubatizo au jina la Kiarabu. Woga wa kuwa nyumba iliyoleta laana haukuuliza mtu anasali wapi.

Kitu cha pili kisichogawanyika ni nyama, na Singida ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa ndiyo nchi ya kuku wa kienyeji. Matenga yao hupakiwa kwenye mabasi na malori kwenda Dar es Salaam kila siku. Desturi ya siku nyingi Tanzania ni kwamba mchinjaji wa nyama ya watu wote ni Mwislamu. Nyumbani kwa Mkristo mwenye arusi huitwa shemeji au jirani anayeswali. Kuku huelekezwa kibla, Bismillahi husemwa, kisu hupita mara moja, na wageni wote hula sufuria moja. Mkristo wa kawaida hakuona amepoteza chochote.

Februari 2013 desturi hiyo ilivunjika huko Buseresere, mkoani Geita. Wakristo walichinja na kuuza nyama wenyewe, ghasia zikatokea, na mchungaji mmoja akauawa. Viongozi wa Serikali walishauri utaratibu wa zamani uendelee, lakini hoja ilikuwa imeshatoka: kwa nini dua ya upande mmoja isomwe juu ya chakula cha wote? Ni swali la haki, na jibu kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote halimridhishi mtu aliyelelewa kuamini kwamba neno likitamkwa lina nguvu.

Walokole, Wakristo wa uamsho wanaojiita waliookoka, wanaamini hivyo hasa, na katika hili wako karibu na wazee wa tambiko kuliko pande zote mbili zinavyopenda kukiri. Mlutheri wa kizazi kilichopita aliweza kusimama pembeni mbuzi wa wazee akichinjwa, akijiambia ni desturi tu, kisha akala. Mlokole hali, kwa sababu kwake mizimu ipo kweli na ni mapepo. Mzee naye anachukizwa kuliko alivyochukizwa na Mlutheri, maana Mlokole hasemi kwamba tambiko ni upuuzi. Anasema linafanya kazi, na anafunga na kuomba lisifanye kazi. Basi katika boma ambalo, tuseme, Hamisi Mwislamu, Yohana Mkristo na baba yao asiyesali popote wamekaa pamoja kwa miaka, ugomvi wa imani unapozuka huwa ni juu ya jambo dogo linaloonekana kwa macho: nani atamwaga pombe kaburini kabla ya kulima, na nani atashika kisu.