Filamu fupi zilizopotea bila moto

Filamu za kale ziliteketea kweli. Utepe wa nitrati hushika moto upesi, na mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua pamoja na filamu nyingi za enzi ya sinema bubu. Filamu fupi za mwanzo wa enzi ya dijitali zimetoweka bila hata moshi.

Mwaka 1998 Mika Salmi alianzisha AtomFilms, tovuti ya filamu fupi, mjini Seattle, Marekani. Filamu ya dakika tano wakati huo haikuwa na pa kwenda, maana majumba ya sinema hayakuitaka na televisheni haikuwa na nafasi yake. AtomFilms na mshindani wake iFilm wakaipa ukumbi. Juni 2000 ikatokea “405” ya Bruce Branit na Jeremy Hunt: dakika kama tatu tu, ndege ya abiria inatua kwenye barabara kuu ya Los Angeles. Wawili hao waliitengeneza kwa kompyuta za nyumbani, na Hollywood ikawatafuta.

Mtazamaji mwenye modemu ya simu aliiona kwenye kidirisha kidogo, picha ikikwamakwama. Hilo lilivumilika. Baya zaidi ni kwamba mara nyingi hakubaki na kitu: programu kama RealPlayer zilimpitishia picha tu, faili likabaki kwenye seva ya kampuni. Filamu ilikuwa mpangaji, na nyumba ikauzwa. Viacom iliinunua iFilm mwaka 2005 kwa dola milioni 49, na mwaka uliofuata kampuni yake tanzu, MTV Networks, ikainunua Atom, kampuni iliyomiliki AtomFilms, kwa dola milioni 200. Leo tovuti zote mbili hazipo.

Google Video ilipotangaza Aprili 2011 kwamba itafuta video zake, kelele zilipigwa hadi kampuni ikaamua kuzihamishia YouTube. Filamu za wasiojulikana hazikuwa na wa kuzipigia kelele. Internet Archive ya San Francisco imehifadhi kurasa nyingi za miaka ile, ila video zenyewe mara nyingi hazikunaswa. Unasoma jina la filamu na muhtasari wake, ukibofya hupati kitu. Filamu zilizotengenezwa kwa programu ya Flash zilipata pigo jingine Adobe ilipoacha kuihudumia programu hiyo mwishoni mwa 2020, ingawa Ruffle, programu inayoiga Flash, imezifufua baadhi.

“405” bado inatazamika, kwa kuwa sifa zake zilivuma na nakala zikaenea. Nyingine, kama zipo, zimo kwenye kabati za waliozitengeneza. Mwenye kanda ya video ya MiniDV ya miaka ile aihamishe mapema, kwani kamera za kuisomea hazitengenezwi tena.